Likizo ya Juni: kwa Bibi wa Marangu, kwa Bibi wa Tongoni, au tubaki Dar?

Kila mwaka ikifika katikati ya Mei shule hutuma ujumbe wa tarehe ya kufunga, na nyumbani kwetu Tabata mjadala unaanza upya kana kwamba hatukuumaliza mwaka jana. Mimi kwetu Marangu. Baba watoto kwao Tongoni, kilomita 17 kusini mwa Tanga mjini, njia ya Pangani. Tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka 12, wa kati 8, kitinda mimba 4. Bibi zao wote wawili wako hai na wote wanadai wajukuu, nao watoto wamewapa majina: Bibi Mlimani na Bibi Bahari. Halafu kuna njia ya tatu, ambayo hakuna anayeipigia kura lakini mara nyingi ndiyo hushinda: kubaki Dar.

Zote tatu tumeshazipitia, nyingine zaidi ya mara moja. Nakiri mapema kwamba mimi ni Mchaga na mtu huvutia kwao. Lakini soma mpaka mwisho, maana mlima haukushinda kama nilivyotaka.

Siku 28

Hesabu inayotuponza wazazi tulioajiriwa ni hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa humohumo. Watoto wanafunga karibu mwezi mzima Juni, mwezi mwingine na ushee Desemba, na katikati kuna zile wiki fupi za Aprili na Septemba. Baba na mama wakipokezana, siku zinakaribia kutosha ila familia haikai pamoja hata siku moja. Wakichukua pamoja, zinaisha kabla watoto hawajamaliza kufunga mara ya pili. Aliyejiajiri naye anajua: akifunga duka, na hela imefunga.

Kwa hiyo nikianza kulinganisha siku hizi naanza na swali moja la kichovu: Jumatano, saa nne asubuhi, mtoto huyu yuko na nani? Jibu lake limenisaidia kuliko picha zozote za ufukweni ninazotumiwa kwenye simu.

Barabarani

Njia ni moja mpaka Segera. Chalinze, Wami, Mkata, Kabuku. Pale Segera wa Tanga wanakata kulia kuelekea Muheza, wa Kilimanjaro wanashika ya Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Tanga ni kama kilomita 350 kutoka Dar, na kutoka hapo Tongoni ni daladala au bajaji. Moshi ni zaidi ya kilomita 550. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hupanga nauli kwa kilomita, basi huhitaji mtu akwambie ipi itakula zaidi ukizidisha kwa vichwa vitano.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye magoti. Mtoto mdogo ukimpakata hulipi, akikaa kiti chake unalipa. Mwaka wa kwanza nilibana matumizi nikampakata kitinda mimba kutoka Mbezi. Tulipofika Same miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikashuka kuchimba dawa nikitembea kama bata, na dereva anapiga honi. Kwa Tanga unaweza kupakata. Kwa Marangu, lipia kiti.

Mtoto anayetapika garini ni suala lingine. Zamani kila mtu alikuwa na mfuko wa rambo. Tangu ipigwe marufuku Juni 2019 mimi nabeba kindoo cha rangi chenye mfuniko, kimeoshwa, na limau mkononi. Abiria wa jirani wamewahi kuniombea kwa watoto wao.

Anayekwenda Marangu asijipeleke mpaka Moshi mjini. Shuka Himo, panda Noah ya Marangu Mtoni, utaokoa zaidi ya saa nzima. Treni ya usiku, ile ya zamani iliyorudi Moshi Desemba 2019, ni rafiki wa watoto kuliko basi: wananyoosha miguu, choo kipo, wanalala. Ila ulizia stesheni kama inatembea wiki hiyo kabla hujawaahidi, kwa sababu ahadi ya treni kwa mtoto wa miaka minne huwezi kuirudisha nyuma.

Sweta au chandarua

Juni na Julai ndiyo baridi yenyewe ya Uchagani. Kuna siku wingu linakaa juu ya migomba tangu asubuhi, manyunyu hayaishi, na mtoto wa Dar ambaye hajawahi kulala bila feni anauliza kama kuna mtu amefungua friji. Kilele cha Kibo utakiona mapema alfajiri, au jioni kikijisikia. Mwanangu wa kati alikaa siku tano bila kukiona akaanza kusema Bibi anadanganya, hakuna mlima. Nunueni masweta na gambuti kwenye mtumba wa Karume kabla ya kuondoka, na soksi zaidi ya mnavyodhani. Mwenye mtoto wa pumu afikirie mara mbili, maana kwenye baridi hiyo wote wanakusanyika jikoni, na jiko ni la kuni.

Pwani ni kinyume chake. Masika yameisha, joto limepungua, upepo wa kusi unavuma. Ndiyo hali nzuri kuliko zote za mwaka kwa mtoto kukimbia nje kutwa. Lakini mvua zikiisha mbu wanabaki, na hapo mlima unashinda bila ubishi: Kilimanjaro ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, Tanga haimo. Chandarua twende nacho wenyewe, na nguo za mikono mirefu za jioni. Mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, mwambie daktari alikuwa Tanga, apimwe malaria siku hiyohiyo. Usianze na dawa ya mafua.

Siku inavyokwenda

Hapa ndipo sehemu hizi mbili zinapotofautiana kama usiku na mchana.

Marangu siku inaendeshwa na ng'ombe. Ng'ombe wa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, hatoki bandani, kwa hiyo chakula chake chote kinafuatwa. Bibi Mlimani anaamka gizani, anakamua, watoto wanaamshwa na harufu ya chai ya maziwa. Baada ya hapo ni kukata majani, kukatakata mgomba, kubeba, kumwagia maji, kutoa kinyesi kupeleka kwenye migomba. Wa kwanza, ambaye Dar ukimwomba asogeze sahani anahema, alipewa panga dogo na kamba ya kufungia mzigo wa majani, na siku ya tatu alikuwa anamkosoa binamu yake jinsi ya kufunga. Kahawa zilikuwa zinaanza kuwa nyekundu, akapewa na kikapu. Mchana wanatembezwa kwenye maporomoko ya Kinukamori, au wanakwenda kusimama kwenye lango la hifadhi kuwaangalia wapagazi wakipanga mizigo. Jioni ni mtori au kiburu, vyote vya ndizi. Asiyependa mtori anaambiwa maziwa yapo, na mjadala umeishia hapo. Bibi hainjiki sufuria mbili.

Ingawa, kusema kweli, huinjika. Watoto wetu wanafuata dini ya baba yao, na Uchagani nguruwe ni kitoweo cha kawaida. Mara ya kwanza walipokwenda nilikuwa natafuta namna ya kulisema jambo hili bila kumkwaza mama. Nilipofika nikakuta juu ya rafu sufuria mbili mpya, za bati, zimefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. “Hizo za watoto,” akasema. “Na mwiko wao uko humo ndani. Asiziguse mtu.” Mpaka leo ziko hivyo. Kama ukoo wenu una dini mbili, zungumzeni mapema: chakula, kanisa siku ya Jumapili, madrasa jioni. Watu wazima wana hekima kuliko tunavyowadhania, lakini wanataka kuambiwa, si kugunduliwa wamekosea mbele ya wajukuu.

Tongoni siku inaendeshwa na maji. Hakuna ratiba ya saa. Kuna maji kupwa na maji kujaa, na kila siku yanachelewa karibu saa moja kuliko jana. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari inarudi mbali mpaka unaona miamba yote, na nusu ya kijiji inashuka huko: wanawake wanachokoa pweza, watoto wanafukuza kaa. Kitinda mimba wangu alikaa kwenye dimbwi moja la maji ya magotini asubuhi nzima na kopo la maziwa, akihamisha visamaki kutoka upande huu kwenda ule. Sijawahi kumwona ametulia namna ile, na hakukuwa na skrini. Wakubwa walipelekwa kwenye magofu, yale makaburi ya kale yenye nguzo, zaidi ya arobaini, pembeni ya msikiti uliobomoka. Wakarudi wakigombana nani alizikwa wapi. Chakula sitaki hata kueleza: wali wa nazi, samaki aliyetoka majini asubuhi, mihogo, na machungwa ya Muheza yanayoletwa kwa tenga wakati huohuo wa Juni.

Hatari nayo ni hayo hayo maji. Mtoto aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli haijui bahari. Kusi ikivuma mchana mawimbi ni makubwa, na maji yanapoanza kujaa yanapita kwanza kwenye mikondo nyuma ya mtu, si mbele yake anakotazama. Sheria ya Bibi Bahari ni kwamba mtoto hashuki bila mtu mzima wa kijijini, na baba yao akitoka Dar hahesabiki kuwa mtu mzima wa kijijini. Amekaa mjini miaka ishirini, amesahau. Wa kati alikanyaga mwiba wa baharini siku ya pili. Bibi akaagiza papai bichi, akalichanja, akamdondoshea utomvu kwenye unyayo huku akimsimulia habari nyingine kabisa. Kilio kikaisha kabla ya hadithi.

Marangu hatari ni mifereji, makorongo na mteremko wenye tope. Si ndogo, lakini zinakaa mahali pamoja. Bahari inahama.

Saa nne asubuhi, yuko na nani?

Nilikuwa na hakika kwamba mama yangu atashinda hapa. Ana miaka 66, anapanda na kushuka kihamba kama msichana. Mama mkwe ana 74 na magoti yake yanamsumbua. Hawezi kumkimbiza mtoto wa miaka minne kwenye mchanga.

Lakini mama yangu Juni yuko peke yake. Ndugu zangu wako Arusha, Dar, mmoja Mwanza, na wote hurudi Desemba. Ndiyo desturi yetu, na ndiyo maana mwezi huo tiketi za Moshi zinagombaniwa. Juni nyumba nyingi jirani zina mzee mmoja na mbwa. Wiki ya kwanza watoto wanafurahia ng'ombe. Wiki ya pili wanaanza kunipigia simu kuuliza ni lini. Mama naye, ambaye hawezi kusema amechoka hata umshikie mtutu, alianza kuniambia “watoto wako wana afya sana.” Nikaelewa.

Tongoni nyumba ya Bibi Bahari ina shangazi wawili, mke wa baba mdogo, na mabinamu ambao sijawahi kufanikiwa kuwahesabu wakiwa wamekaa. Shule za huko zinafunga wakati huohuo. Magoti ya Bibi hayana kazi ya kukimbia. Yeye anakaa barazani na kuamuru. Kitinda mimba wangu alikuwa akiamkia mgongoni kwa binamu wa miaka kumi na tatu na kulalia mkekani kwa shangazi. Tulipomfuata alikuwa na lafudhi, anasalimia kwa kubusu mkono, na alitutazama kama wageni waliokuja kuharibu mambo.

Kwa Juni, basi, Tongoni. Inaniuma kidogo kuandika. Kwa Desemba ninageuka: mlima una jua, mabinamu wamejaa, kuna nyama choma kila kona, na pwani joto la kaskazi halimwachi mtoto alale. Tatizo la Desemba ni basi tu. Tafuta tiketi mapema, au mpande wiki moja kabla ya watu.

Pesa nimeiacha nyuma makusudi, kwa sababu watu hudhani kwa bibi ni bure. Si bure. Marangu chakula kinatoka kihambani lakini kuna masweta, nauli ndefu, na sukari na mchele wa kupanda navyo. Tongoni nauli ni nafuu ila samaki hununuliwa kila siku, na huwezi kulisha watatu wako ukawaacha mabinamu wanatazama. Mimi hutuma hela kila Jumatatu kwa simu, nusu kwa Bibi na nusu kwa shangazi anayepika. Nikituma yote kwa Bibi anagawa kwa wenye shida kwanza, na hilo sina ubavu wa kuligombania.

Kubaki Dar

Tusiidharau. Kuna miaka haina budi: hela hakuna, Bibi anaumwa, au kuna mtoto wa mtihani. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, kwa hiyo Juni ndiyo mapumziko ya mwisho kabla yake, na shule nyingi zinawabakiza kwa masomo ya ziada. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu hilo. Mimi ninayo, nayaweka mfukoni.

Gharama ya kubaki haionekani kwenye risiti moja. LUKU, umeme wa kulipia kabla, uliyozoea kununua kwa wiki mbili inakwisha ndani ya moja, mkate unaisha saa tatu asubuhi, na friji inafunguliwa kana kwamba kuna kitu kipya kitatokea. Saa nne asubuhi mtoto yuko na dada na televisheni. Na dada naye ana kwao. Juni ndipo huomba ruhusa, na ana haki.

Kinachookoa ni kupanga siku moja ya kutoka kwa wiki na kuisema tangu Jumatatu. Yetu iliyokwenda vizuri kuliko zote ilikuwa treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, mpaka Morogoro na kurudi siku hiyohiyo. Ilipoanza Juni 2024 nauli ya kawaida ya mtu mzima ilikuwa shilingi 13,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya hapo bure. Kwa watoto safari yenyewe ndiyo matembezi, hata kama Morogoro mtakula chipsi tu mkiangalia Uluguru. Kunduchi kuna boti za kisiwa cha Mbudya, ila siku ya kusi kali mdogo atarudi amelowa na amekasirika. Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kinafaa kwa nusu siku. Maonyesho ya Saba Saba pale barabara ya Kilwa watoto watayakumbusha wenyewe. Nendeni siku ya kazi asubuhi, maana tarehe 7 Julai yenyewe utamtafuta mtoto wako miguuni mwa watu.

Kwa umri ningesema hivi. Chini ya miaka sita asiachwe kokote tangu siku ya kwanza bila mzazi au mtu aliyemzoea, hata kama Bibi anasisitiza. Kaeni naye siku tatu nne, mkiona amesahau kuwatafuta, ondokeni. Kati ya sita na kumi na moja ndiyo umri wenyewe wa kwa bibi. Hakuna kati yao anayekabidhiwa kwa kondakta “atapokelewa”, awe mkubwa kiasi gani. Wa kumi na mbili na kuendelea muulize mwenyewe, kwa sababu akienda kwa kulazimishwa atawaharibia wengine.

Mwaka huu wa kwanza wetu yuko darasa la saba. Anabaki na baba yake mpaka masomo ya ziada yaishe, kisha wanafuata wote wawili kwa wiki ya mwisho. Mimi natangulia na wadogo. Juzi nimempigia mama mkwe kumpa tarehe. Akaniuliza mwezi utakuwa wa ngapi siku hiyo. Nikamjibu tarehe ya kawaida. “Mama Zuhura,” akasema, “hiyo ya ofisini kwenu. Nataka ya mwezi wenyewe, nijue watoto wataikuta bamvua au la.” Nikakata simu kwanza, nikaenda kutafuta kalenda.